Kijana Anapoanza Kupotea, Anza Ofisi ya Mtaa, Tena na Daftari Mkononi

Mimi ni fundi cherehani. Nashona Ngamiani, Tanga, kwenye kibaraza cha nyumba tuliyoachiwa na baba, na riziki yangu kubwa ni sare za shule. Desemba na Januari silali. Basi mara nyingi, kabla mwalimu hajagundua na kabla mwenyekiti hajaambiwa, daftari langu la vipimo linakuwa limeshasema. Mtoto niliyemshonea sketi akiingia Kidato cha Kwanza, mwaka unaofuata haji. Au anakuja, urefu umeongezeka lakini kiuno kimepungua inchi mbili. Au kiuno ndicho kimeongezeka, anaomba marinda mapana, na nikimuuliza kitu anaangalia sakafu.

Nadhani ndiyo sababu walinichagua kuingia Kamati ya Ulinzi wa Wanawake na Watoto ya mtaa wetu. Kamati hizi zilikuja na mpango wa taifa wa kutokomeza ukatili, ule wanaouita MTAKUWWA, ulioanza 2017/18, na sasa awamu ya pili inaendelea. Zipo kuanzia taifa mpaka mtaa na kijiji. Watu wengi hawajui kwamba mtaani kwao ipo, na baadhi ya wajumbe wenyewe, nisiseme uongo, wanakumbuka siku ya posho ya semina tu. Lakini ipo, na ukijua pa kuigusa inafanya kazi.

Ninachoandika hapa ni njia ya kumtafutia msaada wa serikali kijana anayeanza kupotea, njia niliyopita mimi na wazazi wengi niliowasindikiza. Nimeandika kwa Tanga, lakini halmashauri zote za Tanzania Bara zina ofisi hizi hizi, hata majina ya vyeo ni yale yale.

Jitu zima ni mtoto

Tatizo la kwanza tunalipata kwenye midomo yetu. Mtoto wa miaka 6 akionekana barabarani usiku, mtaa mzima unatoka. Wa miaka 15 akilala gengeni wiki nzima, tunasema "lile jitu zima, limejitakia." Sheria ya Mtoto ya 2009 haimjui huyo jitu zima. Inasema aliye chini ya miaka 18 ni mtoto, awe na ndevu, awe na mimba, awe anavuta bangi. Halmashauri ina wajibu wa kumlinda kila mtoto aliye kwenye eneo lake, na mwanajamii yeyote anayejua kwamba mtoto ananyimwa chakula, malazi, matibabu au shule ana wajibu wa kutoa taarifa halmashauri. Soma tena: yeyote. Huhitaji kuwa mzazi. Jirani anatosha, mama ntilie anatosha, hata fundi cherehani.

Nalitaja hili mapema kwa sababu ofisini utakutana na mtu atakayekuuliza, "Wewe ni nani yake?" Usibabaike. Jibu ni kwamba wewe ni mkazi wa mtaa na umekuja kutoa taarifa za mtoto.

Daftari kwanza

Kabla hujatoka nyumbani chukua daftari la kurasa 40. Andika tarehe, ulichokiona kwa macho yako, na nani mwingine alikuwepo. Uliyoyasikia yaandike pembeni, yasichanganyike na uliyoyaona. Usiandike "mtoto ameharibika." Andika "Jumanne tarehe fulani, saa 10 alfajiri, nimemkuta soko la samaki Deep Sea akibeba ndoo, hana viatu, amesema hajarudi kwao siku 3." Afisa akisoma maneno kama hayo anajua pa kuanzia. Akisoma "ameharibika" anakupa pole na kukuambia umuombee.

Kingine: zungumza na kijana mwenyewe kabla ya kwenda popote. Vijana wa umri huu wakijua umeenda ofisini kisiri wanahama mtaa, na ukimpoteza Tanga utamsikia Mombasa au Kariakoo. Mimi huwa nawaambia hivi: "Mwanangu, nakwenda kuongea na watu wa Ustawi wa Jamii kuhusu wewe. Siendi kukushtaki. Unataka nikawaambie nini?" Nusu yao hunyamaza. Nusu nyingine hutoa jambo ambalo mzazi hakuwahi kulisikia. Yupo mmoja aliyenijibu neno moja tu, "Choo." Nyumba ya mjomba wake ilikuwa na wapangaji wengi, choo kimoja hakina mlango, na mpangaji mmoja alikuwa anamsubiri huko. Sisi tulikuwa tumeshaandika "mtoro."

Mtaa, kata, halmashauri

Mlango wa kwanza ni ofisi ya serikali ya mtaa. Mwenyekiti wa mtaa amechaguliwa kwa kura, na Afisa Mtendaji wa mtaa ameajiriwa. Nenda kwa Mtendaji. Mwenyekiti ni mtu mzuri lakini ana wapiga kura, na mara nyingi mtu unayekuja kumsema ni mpiga kura wake. Mtendaji atakuandikia barua, au atakukutanisha na kamati yetu. Kamati hukutana kila baada ya miezi 3, ila jambo la dharura halisubiri kikao, na ukiambiwa "tusubiri kikao" omba namba ya afisa wa juu yake hapo hapo.

Mlango wa pili ni kata. Pale yupo Afisa Mtendaji wa Kata, Afisa Maendeleo ya Jamii, Afisa Elimu Kata, na siku hizi polisi wa kata. Mambo ya shule na vikundi huishia hapo.

Mlango wa tatu ndio wenye meno: Afisa Ustawi wa Jamii wa halmashauri. Kata chache zina afisa ustawi wao, nyingi hazina, kwa hiyo jiandae kwenda makao makuu ya halmashauri. Huyu ndiye sheria inampa uwezo wa kumwita mzazi au mlezi, kumkalisha, kumwandikisha makubaliano, na akikaidi kulipeleka jambo mahakama ya watoto. Pia ndiye anayeweza kumtoa mtoto kwenye nyumba ya hatari na kumweka kwa muda kwa familia ya kuaminika, yaani kaya zilizokaguliwa na kukubali kupokea watoto. Makao ya watoto ni hatua ya mwisho, na kijana wa miaka 16 kwa kweli ni vigumu kupata makao yanayomtaka. Ndiyo maana nawaambia watu watafute ndugu kwanza. Shangazi wa Muheza mwenye chumba kimoja anamfaa kuliko bweni la watoto wa miaka 7. Lakini shangazi huyo aandikwe kwenye jalada, asimchukue kimyakimya, maana siku baba akija na hasira atakuwa hana karatasi ya kujitetea.

Nenda asubuhi na mapema. Maafisa ustawi ni wachache, siku nyingine wako mahakamani, siku nyingine wako gerezani au hospitali, na gari wanagawana na idara nyingine. Usipomkuta mezani, usidhani ofisi imekufa. Ukimpata, hakikisha mambo mawili kabla hujainuka: jalada limefunguliwa na umeandika namba yake, na umekubaliana naye tarehe ya kurudi. Jambo lisilo na jalada ni mazungumzo tu, na mazungumzo husahaulika afisa akihamishwa. Nimeshashuhudia afisa mzuri sana akihamishwa wilaya nyingine, na kati ya vijana 3 tuliokuwa tukiwafuatilia, aliyeendelea kuhudumiwa ni yule mwenye jalada peke yake.

Huduma hizi ni bure. Ukiombwa hela ya "faili" au "ya maji", namba ya TAKUKURU, taasisi ya kupambana na rushwa, ni 113.

Kama huwezi kutoka, au unamwogopa mtu wa mtaa wako mwenyewe, piga 116. Ni simu ya huduma kwa mtoto, haikatwi salio, na kijana mwenyewe anaweza kupiga. Wao wanaipeleka taarifa kwa ustawi wa halmashauri yenu. Namba hiyo nimeishona kwa uzi ndani ya pindo la sketi za wasichana kadhaa. Mama mmoja alikuja juu akidai namharibia kitambaa.

Yasiyosubiri hata saa moja

Hapa naandika kwa uchungu kwa sababu nilikosea mwenyewe.

Mwaka wangu wa kwanza kwenye kamati, msichana wa Kidato cha Tatu aliletwa kwangu usiku na bibi yake. Alikuwa ameingiliwa kwa nguvu. Nilifanya alichofundishwa kila mwanamke wa Kitanga kumfanyia mtu aliyeumizwa: nikachemsha maji, nikamuogesha, nikamvisha dera langu, na nguo zake nikaziloweka kwenye beseni. Asubuhi tukaenda polisi. Daktari aliniuliza swali moja, nguo alizokuwa amevaa ziko wapi, na nilipomjibu aliweka kalamu chini. Mimi, mtu wa nguo maisha yangu yote, nilikuwa nimefua ushahidi. Kesi haikufika mbali.

Basi fanya hivi. Usimuogeshe. Asibadilishe nguo, na kama ameshabadilisha, ziweke kwenye mfuko wa karatasi au zifunge kwenye khanga kavu. Nailoni huzifanya zitoke jasho na kuvunda. Mpeleke usiku huo huo. Kituo cha polisi kikiwa karibu, ulizia Dawati la Jinsia na Watoto. Wana chumba chao, huna haja ya kusimulia kaunta mbele ya watu. Watatoa PF3, fomu ya polisi ya matibabu, na utakwenda nayo hospitali. Hospitali ikiwa karibu zaidi, au anavuja damu, anza hospitali, fomu itafuata. Mwambie daktari waziwazi kwamba unataka dawa ya kuzuia VVU: inatakiwa ianze ndani ya saa 72, na kadiri inavyowahi ndivyo inavyofaa, kisha inamezwa siku 28 bila kuruka. Hizo siku 28 ndizo ngumu. Dawa inatia kichefuchefu, kijana anaacha siku ya 6. Mteue mtu mmoja wa kumkumbusha kila jioni. Baadhi ya hospitali zina Kituo cha Mkono kwa Mkono, ambapo daktari, polisi na ustawi mnawakuta pamoja, na mtoto anasimulia mara moja badala ya mara nne. Uliza kama hospitali yenu ya rufaa inacho.

Halafu watakuja wazee. Watakuja na kilemba na maneno matamu, wakisema haya mambo tuyamalize kinyumbani, kijana yule ni ndugu, faini itatolewa. Nimewahi kuona mbuzi wawili wakifungwa uani kwa mtu kama malipo. Kubaka mtoto hakumaliziki kwa wazee, wala Baraza la Kata halina mamlaka nako. Aliyempa mimba au kumuoa mwanafunzi anakabiliwa na kifungo cha miaka 30 kwa sheria ya elimu ilivyorekebishwa 2016. Wazee wakifika, waambie jalada liko polisi na halmashauri, wewe huna uwezo wa kulifuta. Ni kweli, na inakuondolea lawama ukooni.

Wavulana nao. Wanaletwa kwangu wachache sana, na si kwa sababu hayawapati. Maelekezo ni yale yale, dawati ni lile lile.

Akikamatwa

Kuna tabia ya kumpeleka mtoto mkorofi polisi "wakamtishe." Mjomba mmoja alimpeleka mpwa wake wa miaka 15 kituo kimoja kwa ajili ya simu iliyopotea, akaomba wamlaze huko usiku mmoja tu apate adabu. Aliwekwa mahabusu moja na watu wazima. Alirudi na marafiki wapya, na marafiki hao ndio waliokuja kutusumbua miezi 8 iliyofuata. Utundu, utoro na uvutaji wa bangi upeleke Ustawi.

Akiwa ameshakamatwa kwa kosa la kweli, kimbia na cheti cha kuzaliwa au kadi ya kliniki. Umri ndio kila kitu. Vijana warefu huandikwa miaka 19 kwa kukisiwa kwa macho, na ukishaandikwa 19 unachanganywa na wakubwa. Dai vitu vitatu: awekwe mbali na watu wazima, Afisa Ustawi aarifiwe, na mzazi au mlezi awepo wakati anahojiwa. Omba dhamana siku hiyo hiyo. Akinyimwa, mahali pake ni mahabusu ya watoto, ambayo iko chini ya ustawi, na Tanga tunayo. Kesi husikilizwa mahakama ya watoto, faragha, na Afisa Ustawi huandika taarifa ya uchunguzi wa kijamii: nyumba ikoje, shule ikoje, nani atamsimamia. Hakimu huitegemea sana. Afisa akija nyumbani kwako kuiandika, mwambie ukweli, lakini pia mwonyeshe mahali mtoto atakapolala na mtaje mtu atakayemwamsha kwenda shule. Mtoto hahukumiwi kifungo cha jela. Anaweza kuachiwa kwa masharti chini ya uangalizi, au kwa makosa mazito kupelekwa shule ya maadilisho, na hiyo iko Irambo, Mbeya, mbali mno kumtembelea na chapati.

Shule, na kazi anazozifanya

Ada imeondolewa shule za serikali tangu 2016 mpaka Kidato cha Nne, na 2022 ikaongezwa Kidato cha Tano na Sita. Kwa hiyo mtoto anayekaa nyumbani "kwa kukosa ada" mara nyingi amekosa kitu kingine: viatu, nauli, hela ya chakula cha mchana, au ametukanwa. Mwulize mwalimu wa unasihi wa shule, kisha Afisa Elimu Kata. Kama kaya ni ya hali duni, uliza kwa Mtendaji kuhusu TASAF, mfuko wa serikali wa kusaidia kaya maskini. Majina huibuliwa kwenye mkutano wa mtaa, kwa hiyo hudhuria mkutano. Watu wanalalamika kwamba wameachwa, ukiwauliza siku ya mkutano walikuwa wapi, walikuwa harusini.

Msichana aliyejifungua anarudi shule ya kawaida. Ruhusa hiyo ilitolewa Novemba 2021, na bado nakutana na wazazi wanaodhani marufuku ipo. Asiyetaka kurudi na sare, kwa aibu au kwa sababu mtoto ananyonya, apelekwe vyuo vya maendeleo ya wananchi. Kwetu mkoani kuna Kiwanda kule Muheza, na kuna Handeni. Vyuo hivi vina mpango wa Elimu Haina Mwisho, ambako mama kijana anasoma sekondari kwa njia ya mkato pamoja na ufundi, na mtoto wake anaangaliwa pale pale chuoni. Mmoja niliyempeleka alikuwa akishona vizuri kuliko mimi nilivyokuwa na umri wake, na nilimwambia, kwa shingo upande.

Kazi: sheria inaruhusu kazi nyepesi kuanzia miaka 14, isiyomdhuru wala kumtoa shule. Kazi za hatari hapana, na usiku, kuanzia saa 2 mpaka saa 12 asubuhi, hapana kabisa. Yule mbeba ndoo wa saa 10 alfajiri niliyemtaja juu alikuwa nje ya sheria kwa saa tu, hata kabla hujaangalia uzito wa ndoo. Hatukwenda kumgombeza mwenye samaki. Tulikwenda na Afisa Ustawi, akamsomea, na mwenye samaki, kwa hofu au kwa aibu, akakubali kijana aje Jumamosi mchana kuparua. Shule alirudi nusu tu, siku mbili anakwenda, ya tatu haendi. Mpaka leo tunavutana naye.

Akifikisha miaka 18 mlango wa mtoto unafungwa na mwingine unafunguka: asilimia 10 ya mapato ya ndani ya halmashauri hukopeshwa bila riba, 4 wanawake, 4 vijana, 2 wenye ulemavu. Wajiunge wasiopungua 5, wasajili kikundi kwa Afisa Maendeleo ya Jamii wa kata. Wawe wanajuana kweli. Vikundi vya kuokotezana siku ya kusajili huvunjika siku ya hela.

Unga ni sura nyingine, na Tanga tunalijua hilo kuliko tunavyopenda. Mamlaka ya kudhibiti dawa za kulevya ina simu ya bure, 119. Wakati unasubiri, usimfungie ndani wala usimpeleke kwa mtu wa kumfunga kamba.

Sasa, wiki mbili zikipita hujasikia kitu, rudi. Rudi na daftari, fungua ukurasa, mwonyeshe afisa namba ya jalada na tarehe mliyokubaliana. Usipige kelele. Kaa kwenye benchi, toa kazi yako ya mkono, mimi hupeleka vifungo vya kushona. Mtu anayeshona vifungo mlangoni pa ofisi tangu saa 2 asubuhi huhudumiwa. Na kama uko Ngamiani na unaona aibu kwenda peke yako, mimi jioni nipo kibarazani baada ya alasiri, nitakusindikiza. Isipokuwa Januari.